Mkojo siyo wa UTI tu: nilichoongea na kikundi cha presha na sukari, Majengo, Moshi

Waliozuiwa na mvua wameniomba niandike nilichoongea, na waliokaa nyuma karibu na jiko wanasema walisikia masufuria tu, basi nimeandika kama nilivyoongea, hata pale nilipokatwa na maswali nimeacha hivyohivyo.

Shikamooni wazee wangu. Wamama mmeamkaje, vijana mambo vipi. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini ila kaninong'oneza kwamba mtori bado, kwa hiyo mkiona naongea sana mjue jikoni ndo wametaka hivyo.

Naanza na swali na naomba msione aibu, hapa wote tunakojoa. Nani ameshawahi kuambiwa ana UTI? Duh. Shusheni. Nani ameambiwa ana UTI sugu? Bado mikono ni mingi. Haya, nani ameshawahi kupimwa mkojo kwa sababu nyingine yoyote, ukitoa UTI na mimba? Naona mama mmoja pale, na yule ni nesi mstaafu kwa hiyo hahesabiki. (Kicheko.)

Hapo ndo penye shida. Huku kwetu tumeufanya mkojo kuwa kitu cha UTI, ukiumwa kiuno UTI, ukichoka UTI, ukipata homa UTI, unapewa siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, unaenda nyumbani, mwezi unaofuata unarudi, ile ile UTI imepandishwa cheo inaitwa sugu. Wakati mwingine ni UTI kweli, sikatai, lakini mara nyingi ni kopo lililojazwa vibaya, mkojo wa mwanzo umebeba vijidudu vya ngozi ya nje, maabara wanaona seli nyeupe kadhaa, basi dozi inaandikwa. Bila kuotesha ule mkojo, yaani kuwakuza wadudu wake maabara, huwezi kusema ni mdudu gani na anasikia dawa gani. Nimelisema nimelitua, sitaki lile muda wetu wote.

Mimi ni mtu wa maabara, siyo daktari, kuandika dawa siyo kwangu. Nilichokuja kusema ni kwamba mkojo unaweza kuonyesha kama dawa unayokunywa inafanya kazi au haifanyi, tena kabla wewe mwenyewe hujasikia tofauti yoyote mwilini. Ila karatasi moja ya majibu haiwezi kusema hivyo. Lazima iwepo ya leo, na ya miezi mitatu nyuma, na ya kabla ya hapo, zote mezani, za mtu yuleyule. Na hizo za nyuma ndo tunazitupa, au tunafungia maandazi.

Tuanze na figo kwa sababu ndo ugonjwa unaowangoja watu wa kikundi hiki, samahani kwa kusema hivyo lakini ndo ukweli. Figo zako zinachuja kama lita 180 kwa siku. Mzee unatikisa kichwa, hapana, siyo lita 180 za mkojo! Ni maji yanayochujwa kutoka kwenye damu, alafu karibu yote yanarudishwa mwilini, yanayotoka nje ndo ile lita moja mpaka mbili. Sasa wote mnalijua chujio la mbege, likiwa zima mbege inapita machicha yanabaki, likitoboka unakunywa huku unatafuna. Kuna protini ya damu inaitwa albumini, hiyo ni kubwa, haitakiwi kupita, kwa mtu mwenye figo nzima inatoka kidogo mno. Sukari na presha zikikaa juu kwa miaka, figo zinaanza kuachia, albumini inaanza kupita, na muda wote huo huumwi popote, hujavimba miguu, unapanda mpaka Kibosho na mkungu wa ndizi vizuri tu.

Siyo elimu mpya hii. Mwaka 1827 kulikuwa na daktari London, Richard Bright wa hospitali ya Guy's, alikuwa anachukua mkojo wa mgonjwa aliyevimba mwili, anauweka kwenye kijiko, anaupasha juu ya mshumaa, ukiganda anajua figo zina tatizo. Kijiko na mshumaa. Miaka karibu 200 iliyopita. Alafu leo mtu ana kisukari mwaka wa kumi na hajawahi kuangaliwa protini kwenye mkojo hata mara moja.

Na msiseme ni mambo ya Ulaya. Hapahapa, Moshi mjini na Moshi vijijini, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakapima watu wazima, matokeo yakachapishwa mwaka 2015: waliokuwa na ugonjwa sugu wa figo walikuwa 7% kwa ujumla, lakini ukitenganisha, vijijini 2.0% na mjini 15.2%. Mjini ni sisi hawa, wa Majengo, Pasua, Njoro, Soweto. Na katika hao waliokutwa nao, waliokuwa wanajua kwamba wanaumwa ni 10.5% tu, yaani kama mmoja kwa kila kumi. Wale wengine wanatembea tu, wanauza mitumba Kiboriloni, hawana habari.

Sasa sikilizeni hapa vizuri maana hapa ndo watu wanapotezana. Kile kijiti tunachochovya kwenye kopo, kikabadilika rangi, tukaandika jumlisha moja, jumlisha mbili, ni kizuri na ni cha bei nafuu, ila kinaona albumini ikishakuwa nyingi. Ile ya mwanzo ya kidogokidogo, ambayo ndo ingekuokoa, mara nyingi kinaipita. Kipimo kinachoiona kinaitwa ACR, uwiano wa albumini na kriatinini, na kinatumia mkojo uleule wa kopo, hamna sindano. Kriatinini ni taka ya misuli inayotolewa na figo, na inawekwa kwa sababu mkojo unatofautiana uzito, mtu kaja kanywa maji jagi zima, mwingine kalima toka alfajiri hajanywa kitu, ukipima albumini peke yake utamwonea huyu na kumpendelea yule. Kriatinini inatoka kwa kiwango ambacho hakibadilikibadiliki sana, kwa hiyo ukilinganisha nayo mambo yanakaa sawa.

Namba zenyewe, andikeni: chini ya 30 ni kawaida, 30 mpaka 300 figo zimeanza kuachia, zaidi ya 300 zimeachia sana. Hizo ni miligramu za albumini kwa kila gramu ya kriatinini. Lakini angalieni, kuna maabara zinatumia miligramu kwa milimoli, hapo 30 ya huku ni kama 3 ya kule. Mtu anapimwa hospitali moja anaambiwa 45, anapimwa nyingine anaambiwa 5, anafanya sherehe anachinja na mbuzi, kumbe ni kitu kilekile, kizio tu ndo kimebadilika. Ukibadilisha hospitali tazama kile kimaandishi kidogo pembeni ya namba.

Alafu namba moja isikutoe roho. Homa inapandisha albumini, UTI ya kweli inapandisha, mazoezi makali ya jana yake yanapandisha, presha ikiwa juu sana siku hiyo inapandisha. Ndo maana utaratibu unataka vipimo 2 kati ya 3, ndani ya miezi 3 mpaka 6, viwe juu, ndo daktari aseme haya, figo.

Na sasa dawa. Tuseme mtu ana 900. Anaanzishiwa enalapril au losartan, dawa za kundi hilo, mnazijua, wengi mnazo mkobani sasa hivi. Zinashusha presha ndio, lakini zina kazi ya pili ambayo watu hawaambiwi, zinapunguza msukumo wa damu mlemle ndani ya figo, albumini inapungua kupita. Baada ya miezi kadhaa anapima, 600. Karatasi bado inasema iko juu sana, na mgonjwa aliyezoea mambo mawili tu, kawaida au siyo kawaida, anakata tamaa, anasema hizi dawa hazinisaidii. Wakati wataalamu wa figo wanasema ikishuka kwa 30% au zaidi ni ishara kwamba figo zitachoka taratibu zaidi. Kutoka 900 ikifika 630 kwenda chini, hiyo ni habari njema! Lakini nani ataijua kama ile 900 imefungia maandazi? Daktari mpya anaona 600 peke yake, na yeye anaona ni ubaya tu, pengine anabadilisha dawa iliyokuwa inafanya kazi.

Na kuna kinyume chake, ambacho ndo kinaua. Presha imeshuka, 120 kwa 80, mtu anasema nimepona naacha dawa. Hajapona, presha imeshuka kwa sababu ya dawa, na albumini inaweza kuwa bado iko juu huku mashine ya presha inasema safi. Ukiacha utaziona zote mbili zikirudi. Niongeze moja, hizi dawa mjamzito hatumii, na ukianza lazima damu ipimwe kriatinini na potasiamu, mkojo peke yake hautoshi hapo, msije mkaondoka hapa mkisema yule jamaa wa maabara kasema sindano basi.

Hapo meku mmoja, yaani mzee, aliyekaa mbele alinyoosha fimbo badala ya mkono. Akasema, mwanangu, sisi zamani tulijua sukari kwa sisimizi, ukikojoa wakija wengi unajua, sasa mimi sisimizi siku hizi hawaji, si nimepona?

Nikamwambia, shikamoo meku, sisimizi hawakukosea lakini wanachelewa. Sukari haianzi kumwagika kwenye mkojo mpaka ile ya damu ifike kama milimoli 10 kwa lita. Unaweza kukaa kwenye 9 mwaka mzima, sisimizi hawaji, kijiti kinasema hamna, na macho na figo vinaharibika taratibu. Kwa hiyo kufuatilia sukari kwa mkojo tuliacha, tumia damu ya kidole na kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Na sasa kuna kichekesho kipya, hizi dawa za sukari za kundi la dapagliflozini na empagliflozini kazi yake ni kuitoa sukari kwa njia ya mkojo, maksudi kabisa. Anayezitumia mkojo wake utakuwa na sukari kila siku hata kama ya damu imetulia vizuri, akienda kupimwa mahali ambapo hawajui anatumia nini, anaambiwa baba sukari imekushinda, anaongezewa dawa, anaanguka. Kwa hiyo ukipeleka kopo peleka na majina ya dawa zako. Meku akasema, basi sisimizi watarudi. Nikasema watarudi, na safari hii ni dawa. (Kicheko kikubwa, ikabidi mwenyekiti agonge meza.)

Niende kwenye TB. Hospitali ya TB ya Kibong'oto kule Siha hamna asiyeijua hapa, kila ukoo wa Kilimanjaro una mtu alipita kule. Kifua kikuu tumezoea makohozi. Lakini mwenye VVU ambaye kinga imeshuka sana mara nyingi hana nguvu ya kukohoa kitu cha maana, anatoa mate tu, na TB yake inaweza isikae kifuani peke yake, imesambaa mwilini. Sasa ukuta wa mdudu wa TB una kitu kinaitwa lipoarabinomanani, tunafupisha LAM. Kinaachiwa na mdudu, kinaingia kwenye damu, figo zinakichuja, kinatoka kwenye mkojo. Unaweka mikrolita 60 tu, kitone, kwenye kikaratasi, unasubiri dakika 25, unasoma mstari kama unavyosoma kipimo cha mimba. Shirika la Afya Duniani lilikikubali mwaka 2015 kwa makundi machache ya wagonjwa wa VVU, mwaka 2019 likapanua.

Na siyo maneno matupu. Kuna utafiti ulifanyika Afrika Kusini, Zambia, Zimbabwe na hapa Tanzania, ukachapishwa mwaka 2016, watu wenye VVU waliolazwa wakidhaniwa wana TB. Waliopimwa LAM juu ya vile vipimo vya kawaida, ndani ya wiki 8 walikufa 21%. Wasiopimwa LAM, 25%. Watu wanne kwa kila mia, kwa kitone cha mkojo, na sababu yenyewe ni ndogo tu, dawa zilianza mapema.

Ila nisiwadanganye, LAM ni ya kugundua. Kufuatilia kama TB inapona bado ni makohozi, mwezi wa 2, mwezi wa 5 na mwisho wa dozi, msichoke kuyapeleka. Na kwa mtu asiye na VVU hiki kipimo cha sasa ni dhaifu, na hata kwa mwenye VVU kikisema hamna haimaanishi hamna, daktari bado atamwangalia mgonjwa mwenyewe.

Lakini kuna kitu kimoja kwenye mkojo wa mgonjwa wa TB ambacho manesi wanakijua bila mashine. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, inageuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, hata machozi, hata jasho. Wengine wanaogopa wanaacha dawa, wanasema inanitoa damu. Siyo damu, ni dawa imepita. Na mtu akija kliniki anasema dawa amemeza, alafu mkojo wake hauna rangi hiyo kabisa, nesi haulizi sana, anajua haikumezwa. Siku hizi kuna vijiti vinavyoweza kuona hata tenofovir kwenye mkojo, ile dawa ya VVU iliyomo kwenye kidonge cha TLD, vinaonyesha kama mtu amekunywa siku za karibuni.

Hapa nina la kwangu. Mimi sipendi kipimo cha namna hiyo kikitumika kama polisi. Kwanza mtu akijua anapimwa kesho, leo atameza, kipimo kitasema safi na wiki nzima hajagusa kopo la dawa. Pili ukimkuta hajanywa ukaanza kumgombeza mbele ya foleni, mwezi ujao haji, umempoteza kabisa. Muulize nauli ilikuwepo, muulize chakula, muulize kama mume wake anajua. Kijiti kimekwambia dawa haimo, hakijakwambia kwa nini.

Kwenye saratani nitapita na mambo mawili matatu tu. Kipimo cha kwanza kabisa cha saratani duniani kilitoka kwenye mkojo. Mwaka 1845 London kulikuwa na mgonjwa mfanyabiashara wa duka, mifupa inamuuma vibaya, daktari wake Thomas Watson akampelekea mkojo mtaalamu wa kemia anaitwa Henry Bence Jones, akimuuliza, hiki ni nini? Mkojo ukipashwa moto unafanya ukungu, ukichemka kabisa ukungu unayeyuka, ukipoa unarudi. Ikawa ni protini ya saratani ya uboho, ile inayoitwa mayeloma, na mpaka leo inaitwa protini ya Bence Jones. Na mpaka leo mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuambiwa akusanye mkojo wa saa 24 kwenye dumu, siyo kwa kumtesa, ni kwa sababu mojawapo ya njia za kusema dawa imeitikia ni ile protini kwenye mkojo kushuka kwa 90%, au kufika chini ya miligramu 200 kwa siku, pamoja na ile ya kwenye damu. Kwa hiyo ukiwa na ndugu anatibiwa pale hospitali ya KCMC, kapewa dumu, usimwambie jaza mara tatu zinatosha. Mkojo mmoja ukimwagwa chooni hesabu yote imeharibika.

Lingine ni la wamama, mimba zabibu. Mimba isiyo mtoto, kondo la nyuma linajaa vijipuvu kama jina lenyewe linavyosema. Inasafishwa, mama anaruhusiwa, na wengi wanadhani yameisha. Hayajaisha. Kati ya wale wenye ile aina inayoitwa mimba zabibu kamili, kama 15 mpaka 20 kwa kila mia mabaki yanaendelea kuota, na yanaweza kuwa saratani. Bahati nzuri yakiota yanatoa homoni ileile ya mimba, hCG, kwa hiyo yanajitangaza yenyewe. Unapima, inatakiwa ishuke, ishuke, ifike sifuri, ikae sifuri kwa miezi ambayo daktari amekupangia. Damu ni bora zaidi kwa sababu inatoa namba, kijiti kinasema ndio au hapana tu, lakini sehemu ambayo kipimo cha damu hamna, kijiti kilekile cha duka la dawa kinasaidia sana kumshtua mtu mapema. Ikipanda tena kuna dawa, metotreksati, na saratani hii inapona vizuri kuliko nyingi mnazozijua. Ndo sababu mnaambiwa mtumie uzazi wa mpango kipindi hicho, siyo kuwanyima watoto, ukishika mimba mpya homoni inapanda na hakuna atakayejua ni mtoto au ni ugonjwa.

Kijana mmoja wa bodaboda akauliza, sasa kama mkojo unaona yote haya, kwa nini serikali isipime mkojo watu wote kila mwaka, kansa zote zikamatwe?

Swali zuri. Wajapani walijaribu na watoto. Kuna saratani ya watoto inaitwa nyuroblastoma, inatoa kemikali fulani kwenye mkojo. Kuanzia miaka ya 1980 wakawa wanapima watoto wote wa miezi 6, nchi nzima. Walizipata nyingi kweli, watoto wakapasuliwa, wakapewa dawa kali. Baadaye utafiti wa Ujerumani na wa Quebec kule Kanada, yote imechapishwa mwaka 2002, ikaonyesha vifo havikupungua, kwa sababu zile nyingi zilizokamatwa ni za aina ambayo ingeondoka yenyewe, na zile mbaya hazikukamatwa kwa kipimo kile. Mwaka 2004 Japani ikasimamisha. Lakini sikilizeni, kemikali zilezile, kwa mtoto ambaye tayari anajulikana anaumwa, bado zinasaidia kuangalia kama dawa inafanya kazi. Kipimo hakijabadilika hata kidogo, ila unampima nani na unataka kujua nini.

Kwa hiyo wale wenye mahema stendi, wana kimashine unashika chuma, dakika moja kinakwambia figo, ini, nyongo, kizazi, alafu anakuuzia dawa yeye mwenyewe, mimi sisemi kitu. Nasema tu hakijaomba hata mkojo.

Kichocho kwa haraka, kwa ajili ya ndugu zangu wa huko chini kwenye mpunga na miwa. Kichocho cha kibofu tunatafuta mayai kwenye mkojo, na saa nzuri ni saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, mdudu ana ratiba yake, ukileta wa saa kumi na mbili asubuhi unaweza kumkosa. Kile cha utumbo, ambacho zamani lazima ulete choo, sasa kuna kijiti cha mkojo kinaona mabaki ya mdudu mwenyewe akiwa hai, na ukimeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, ikafanya kazi mabaki yanapungua yanaisha, kwa hiyo hapo unafuatilia matibabu kwa kopo tu. Na dada aliyetoka Maji ya Chai aliyeniuliza kuhusu meno ya watoto, ndio, floridi, yale madini yanayogeuza meno rangi, ya maji ya upande wa Meru inatoka kwenye mkojo na inapimika, inaonyesha mtoto anapata kiasi gani siku hizi, ukibadilisha maji unaiona ikishuka, ila meno yaliyokwisha badilika rangi hayarudi. Kiwango kinachokubalika kwenye maji ni miligramu 1.5 kwa lita.

Sasa kopo lenyewe. Unajisafisha kwanza, wamama mbele kwenda nyuma, unaacha wa mwanzo uende, unakinga wa katikati, unafunika. Ukikaa zaidi ya saa mbili nje ya friji bakteria wanazaliana na seli zinavunjika, kwa hiyo usikojoe Rombo ukaleta Moshi kwa daladala. Kwa ACR mkojo wa kwanza wa asubuhi ndo bora, na kila ukirudi uwe huohuo, usichanganye wa asubuhi na wa jioni alafu ukalinganisha. Ukiwa kwenye siku zako subiri ziishe. Vitamini C za kunywa kwa mikupuo zinaweza kukifanya kijiti kisione damu wala sukari ambayo ipo, na dawa za kienyeji semeni tu, hatuwachapi, mkojo ukiwa na rangi ya ajabu na umekaa kimya tunahangaika bure.

Na daftari. Siyo la kifahari, lile la shule la kurasa 48 linatosha. Tarehe, kipimo, namba, kizio, dawa unazotumia siku hiyo, na kama ulikuwa na homa andika. Ukienda kliniki usimuulize daktari majibu yangu yakoje, mfungulie daftari muulize imetoka wapi inaenda wapi. Madaktari wengine watakuona mjuaji. Vumilia, wapo pia watakaofurahi kwa sababu faili lako hospitalini nalo huwa linapotea.

Naona mtori umefika. Vikopo viko kwa dada pale mlangoni, leo tunapima kijiti tu, ACR tutapanga na mwenyekiti. Andika jina kwenye kopo, siyo kwenye mfuniko, mifuniko inabadilishana. Mwenye homa leo na aliye kwenye siku zake asubiri kikao kijacho. Choo ni kimoja, wazee watangulie, meku wewe wa kwanza.